Pigo la Mchungaji



Juma hili Mama Prezidenti ametuomba tuandike juu ya ule mchezo unaofanya watoto wainame juu ya kipande cha mbao kila siku ya posho asubuhi, barazani nyuma ya darasa la mwaka wa tano. Ametuomba kwa sababu maneno yamezidi. Wako wanaosema ni mchezo wa kuchezea feza. Wako wanaosema ni dama tu, ile ya wazee wanaokaa chini ya mwembe wakingoja chakula. Na mama mmoja wa Mangobo alitufuata mpaka penye bomba la maji, akatuuliza kwa uchungu: "Mwalimu, mwaka jana bulteni ya mtoto wangu ilikuwa na esheki tatu, nikalia. Sasa nasikia anacheza esheki, tena ni wewe unamfundisha?"

Tulicheka, kisha tukaona haya, maana mama yule alikuwa na haki. Kwa Kifaransa neno ni moja. Échec ni somo ambalo mtoto ameshindwa, na échecs ni mchezo. Wafaransa walilitoa neno lao mbali sana, katika neno la Kiajemi shah, maana yake mfalme, kwa sababu mchezo wote ni kumwinda mfalme wa mwenzako mpaka akose pa kukimbilia. Kwa Kiswahili mchezo huu unaitwa sataranji, na ndilo jina tutakalotumia hapa, ili bulteni zisiwatie tena wamama hofu.

Kete zetu ni vifuniko vya chupa. Upande mmoja tumevipaka rangi nyeupe, upande mwingine tumeviacha kama vilivyo. Juu ya kila kifuniko tumeandika herufi: R ni Roi, mfalme. D ni Dame, malkia. T ni Tour, mnara. C ni Cavalier, farasi. P ni Pion, askari wa miguu, na hao ni wanane kila upande. F ni Fou, yaani mwenda wazimu, na ndiye anayesimama karibu kabisa na mfalme na malkia. Watoto walipouliza kwa nini mfalme aweke wazimu karibu naye, tulijibu kwamba katika nchi zinazosema Kiingereza kete hiyohiyo inaitwa askofu. Jibu hilo halikusaidia kitu, na tunaomba msamaha kwa wote waliolisikia nyumbani.

Malkia ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Anakwenda mbele, nyuma, kando na mshazari, mbali kama anavyotaka. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani, mchezo ulipokuwa mikononi mwa Waajemi na Waarabu, mahali pake alisimama waziri wa mfalme, naye alikwenda hatua moja tu, ya mshazari. Ni kule Ulaya, Hispania na Italia, mwishoni mwa karne ya 15, sheria ilipogeuzwa, na malkia akapewa uwanja wote. Wavulana wetu waliposikia hayo walisema ni kosa. Wasichana hawakusema kitu, lakini tuliona mmoja akichukua kifuniko chenye D na kukifuta vumbi kwa ncha ya sketi.

Sasa tufike penye kosa letu, maana makala hii tumeiandika zaidi kwa ajili ya hilo.

Sisi tulijifunza sataranji tulipokuwa tukisoma ISP, kwa mwenzetu wa idara ya hesabu, usiku ambao umeme umekatika na hakuna la kusoma. Kitu cha kwanza alichotufundisha kilikuwa mtego unaoitwa pigo la mchungaji, coup du berger. Ni njia ya kufungua mchezo ambayo inaumaliza kwa hatua nne. Unasogeza askari aliye mbele ya mfalme. Unamtoa wazimu wako, anaelekeza macho kwenye mraba mmoja. Unamtoa malkia wako mbio, naye anaelekeza macho palepale. Mraba huo ni f7, pale anaposimama askari ambaye hana mlinzi mwingine ila mfalme wake mwenyewe. Mpinzani asipoona, hatua ya nne malkia anamla askari yule, na mfalme amekwisha. Hawezi kumla malkia, kwa sababu wazimu anamlinda kutoka mbali. Hawezi kukimbia, kwa sababu watu wake mwenyewe wamemziba, na penye nafasi malkia anapaangalia.

Tulipoanza klabu yetu ndogo, mwezi wa kumi, tulitaka watoto waje wengi. Kwa hiyo tukafanya kama mwenzetu alivyotufanyia. Tuliwaonyesha pigo la mchungaji siku ya kwanza, kama mtu anayeonyesha kiini macho sokoni. Wavulana walilishika mara moja. Siku ya posho iliyofuata walikuja mapema, wakawaita wasichana kucheza, na wasichana wakafa kwa hatua nne, mmoja baada ya mwingine. Wavulana walipiga makelele mpaka mlinzi akaja. Juma lililofuata ilikuwa vilevile. Kwa nini wavulana walilishika haraka kuliko wasichana? Si akili. Wavulana walikwenda nyumbani wakacheza tena jioni yote. Wasichana walikwenda nyumbani wakaosha masufuria.

Walianza wasichana saba. Kufika Noeli walibaki watatu.

Mwalimu mwenye diploma angepaswa kuliona hilo bila kuambiwa. Tulikuwa tumewapa watoto wote kisu kimoja, na hatukumfundisha hata mmoja jinsi ya kuziba. Na wale wanne walioacha, tulipowauliza, walijibu neno moja: "Madamu, mchezo ule si wetu."

Katika siku hizo za kujilaumu, mwalimu mwenzetu alituonyesha filamu kwenye telefone yake, ile ya mwaka 2016 juu ya msichana wa Katwe, kule Kampala. Jina lake Phiona Mutesi. Baadaye tulitafuta habari zake za kweli, maana filamu ni filamu. Katwe ni mtaa wa maskini, maji ya mvua yanaingia ndani ya nyumba. Baba yake alikufa angali mdogo sana. Mwaka 2005, alipokuwa na miaka kama tisa, hakuwa tena shuleni, kwa sababu pesa ya shule haikuwepo. Siku moja alimfuata kaka yake, akaona watoto wamekusanyika kwa mtu mmoja anayeitwa Robert Katende, wakicheza kitu ambacho hata jina hakulijua. Hakubaki kwa sababu ya mchezo. Alibaki kwa sababu Katende aliwapa watoto uji. Na mwalimu wake wa kwanza hakuwa Katende, alikuwa msichana wa miaka minne! Huyo mdogo ndiye aliyemwonyesha farasi anakwenda vipi na mnara anakwenda vipi.

Lakini sehemu iliyotushika shingo ni nyingine. Katika wale watoto wa Katwe alikuwepo mvulana aliyekuwa akimshinda Phiona kwa mtego wa haraka, wa hatua chache, ndugu wa huu wetu. Alimshinda, akamshinda tena. Siku moja mvulana alirudia mtego wake kama kawaida, na safari hii Phiona alikuwa amejitayarisha. Alimzuia, akamkamata malkia aliyekuja mbio, na mchezo ukageuka. Alipomfikisha mfalme wa mvulana mwisho, yeye mwenyewe hakutambua kwamba ameshinda. Alijua tu pale mvulana alipoanza kulia, kwa sababu ameshindwa na msichana.

Habari hiyo tuliisoma usiku, na asubuhi tuliipeleka kwenye mkutano wa chama, baada ya likelemba, tukiwa na furaha kama mtu aliyeokota feza njiani. Mama mmoja akasimama. Hatutataja jina lake, na wengi mlikuwepo. Alisema: "Mwalimu, katika nchi zote za dunia, umetuletea mtoto wa Uganda?"

Nyumba ilinyamaza. Kwa wasomaji vijana: kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana hapa hapa Kisangani, katikati yetu, siku sita. Sisi tulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulilala chini ya kitanda cha mama, wanne, na hata leo mlango ukipigwa na upepo kwa nguvu tunainama kwanza, kisha tunafikiri. Na hukumu ya La Haye ya tarehe 9 Februari 2022, iliyoiamuru Uganda kulipa dola milioni 325, hakuna mama wa chama hiki asiyeijua hesabu yake. Kwa hiyo hatukumwambia mama yule kwamba amekosea. Tulimwambia tu kwamba katika siku zile sita mtoto huyu wa Katwe alikuwa na miaka minne hivi, na mama yake alikuwa mjane. Mama hakujibu. Alikaa. Hatusemi kwamba alikubali. Lakini alipokaa aliuliza, kwa sauti ya chini, mama wa mtoto yule alikuwa akiuza nini.

Basi tukasema habari za Harriet, mama yake Phiona, na hapo ndipo wamama waliposogea. Harriet aliuza mahindi, kisha mboga na matunda. Aliamka usiku wa manane kwenda kununua avoka na bilinganya za kuuza tena. Majirani wake walimtisha. Walimwambia sataranji ni mchezo wa wazungu, na kwamba akimwacha binti yake kwenda kule, wazungu watakuja kumchukua. Harriet aliogopa kweli. Lakini hakuwa na chakula cha kumpa, na kule kulikuwa na uji. Akamwacha aende. Mwaka 2010 Phiona alikuwa Khanty-Mansiysk, katika baridi ya Siberia, akiichezea nchi yake kwenye mashindano ya dunia yanayoitwa Olimpiadi. Alishindwa huko michezo mingi kuliko aliyoshinda, nasi tunapenda kulisema hilo mbele ya watoto. Miaka miwili baadaye, Istanbul, alicheza vizuri zaidi, akapata cheo chake cha kwanza. Halafu akaenda kusoma chuo kikuu Marekani.

"Kwa hiyo wazungu walimchukua," akasema mama yule yule wa kwanza, na nyumba nzima ikacheka, naye pia.

Baada ya mkutano ule tulirudi barazani tukafanya kile tulichopaswa kufanya mwezi wa kumi. Tuliwaita wale wasichana watatu, na mmoja wa wale wanne akarudi pia, tukakaa nao peke yao siku mbili za posho. Hatukuwafundisha mtego mwingine wa kulipiza. Tuliwafundisha kwa nini pigo la mchungaji ni mwanzo mbaya.

Ni mbaya kwa sababu malkia ametoka mapema. Anayetoka na malkia katika hatua ya pili au ya tatu anaacha nyumbani farasi wake, minara yake, watu wake wote wamelala. Usipoogopa, huhitaji kumpiga. Unamsukuma. Unasogeza askari mdogo hatua moja, malkia analazimika kukimbia, kwa sababu hakuna mtu anayebadilisha malkia kwa askari. Unamtoa farasi, malkia anakimbia tena. Kila akikimbia, wewe umetoa mtu mmoja zaidi nje, na yeye hajatoa mtu. Wamama wa soko walilielewa hilo kabla ya watoto. Mmoja alisema ni kama mtu anayekuja kununua asubuhi sana na noti moja kubwa: anatembea meza zote, hakuna mwenye chenji, na saa nne bado hajanunua kitu.

Sasa tueleze mchezo wenyewe wa siku ya posho iliyopita, maana ndio uliozaa maneno ya juma hili.

Tulikuwa tumepanga mashindano madogo, watoto kumi na wawili, wavulana wanane na wasichana wanne. Mchezo ulioangaliwa na wote ulikuwa wa msichana wa mwaka wa sita, ambaye wengi mnamjua kwa sababu anamsaidia mama yake kuuza sombe na ndizi, na mvulana wa darasa hilohilo, bingwa wetu wa pigo la mchungaji. Mvulana alikuwa na nyeupe. Alisogeza askari wa mfalme. Msichana naye vivyo hivyo. Mvulana akatoa wazimu, msichana akatoa farasi. Mvulana akamrusha malkia mpaka ukingoni mwa ubao, akakunja mikono, akageuka kuwaangalia rafiki zake. Walikuwa wameanza kuhesabu kwa sauti: "Tatu!"

Msichana hakuharakisha. Aligusa kidevu, akasogeza askari mdogo, hatua moja tu, mbele ya uso wa malkia.

Hakuna aliyesema nne. Malkia akarudi nyuma, lakini bado anaangalia mraba uleule. Msichana akatoa farasi wa pili, akaziba njia. Mvulana sasa alikasirika. Angeweza kutulia, kutoa watu wake wengine, na mchezo ungekuwa sawa. Badala yake akasukuma askari wa pembeni ili amfukuze yule farasi, maana bado alitaka pigo lake. Hapo farasi wa kwanza wa msichana akaruka katikati ya uwanja, akamkabili malkia. Malkia akakimbia. Farasi akala askari, na pale alipotua alikuwa anamtisha mfalme na mnara kwa pamoja. Mfalme lazima aokolewe kwanza, hiyo ni sheria. Mnara ukaliwa.

Ilikuwa katika dakika hiyo mama yake alipofika.

Alikuja kutoka barabara kubwa, beseni kichwani, kitenge kimefungwa vizuri, na uso tuliujua ni wa hasira. Mtumbwi wa ndizi ulikuwa umefika bichi tangu saa mbili, wateja wanangoja, na binti aliyetumwa kurudi saa tatu alikuwa amekaa barazani na vifuniko vya chupa. Alimwita jina lake, mara moja. Msichana aliinuka palepale. Huo ndio utii aliolelewa nao, na hatuulaumu. Mvulana alivuta pumzi kubwa, maana mchezaji akiondoka, mchezo ni wake.

Wamama, hapo tulikuwa na nafasi ya kunyamaza. Mwalimu akiingilia kati ya mama na binti yake mbele ya watu anaharibu vitu viwili kwa mara moja. Lakini tulifikiri juu ya wale wanne walioondoka kabla ya Noeli, na jinsi tulivyonyamaza wakati ule. Tulikwenda kwa mama, tukamsalimu vizuri, tukamsaidia kushusha beseni, tukamwambia: "Mama, tupe robo saa. Sisi wenyewe tutabeba ndizi pamoja nawe mpaka sokoni." Alituangalia viatu. Ni kweli vilikuwa viatu vya kwenda kanisani. Akasema: "Robo saa."

Akasimama nyuma ya binti yake. Hakujua kete hata moja, lakini alijua kuangalia nyuso, kazi yake ni hiyo. Alimwangalia mvulana. Mvulana alikuwa na malkia wake bado, naye alimtisha mfalme wa msichana. Msichana akaweka malkia wake katikati, uso kwa uso na yule mwingine. Mvulana hakutaka kubadilisha malkia kwa malkia. Akaona farasi wa msichana kando, akamla. Hakuona kwamba farasi yule alikuwa na mlinzi. Msichana akanyosha mkono, akachukua kifuniko cheupe chenye D, akakiweka chini mbele ya miguu ya mama yake. Kwa kweli sakafu ndipo tunapoweka walioliwa, lakini mama aliinama akakiokota, akakishika mkononi mpaka mwisho.

Tungependa kuwaambia kwamba alishinda, kama Phiona. Ilikuwa hivi. Aliendelea kula, mnara, farasi, askari wote, mpaka mvulana akabaki na mfalme peke yake anayetangatanga. Watoto wote walikuwa wamesimama. Askari mmoja wa msichana alifika mwisho wa ubao, na askari akifika huko anageuka malkia, kwa hiyo sasa alikuwa na malkia wawili. Alimweka wa pili kwa fahari, tap! Na mfalme wa mvulana, kule pembeni kwenye kona, hakuwa anatishwa na mtu yeyote, lakini hakuwa na mraba hata mmoja wa kwenda. Zamu ilikuwa yake, na hakuwa na hatua.

Jambo hilo kwa Kifaransa linaitwa pat. Hakuna mshindi. Nusu kwa huyu, nusu kwa yule.

Msichana alitugeukia, macho yamejaa maji. Hatukuwa tumemfundisha. Juma zote zile tulifundisha mwanzo, mwanzo, jinsi ya kuzuia, jinsi ya kusukuma, na mwisho hatukuufikia. Tulifikiri hatafika huko. Hilo nalo liandikwe katika hesabu ya makosa yetu.

Mama aliuliza nani ameshindwa. Tukamweleza. Alimwangalia mvulana, ambaye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyenusurika mafuriko. "Huyu," akasema mama, "hana askari, hana farasi, hana mke, hana nyumba. Na hakushindwa?" Tukasema hapana, sheria ni hivyo. Akafikiri kidogo. "Basi sheria hiyo ilitungwa na maskini," akasema, na akaweka beseni kichwani.

Tulibeba ndizi, ahadi ni ahadi. Viatu vya kanisa vimekufa. Njiani, kwenye kona wanapokaa watu wa toleka, mama aliturudishia kifuniko cha D alichokuwa bado amekishika. Hakumsifu binti yake, na hakumkemea pia. Alisema mitumbwi ya ndizi inakuja siku ya posho na si siku nyingine, hilo hawezi kulibadilisha, na kwamba yeye ana mgongo mmoja tu. Tuliipeleka habari hiyo kwa Mama Prezidenti jioni ileile. Wamama watatu wa likelemba ya soko, ambao pia wanapokea mizigo bichi, wamekubali kwa mwezi huu kubeba kwa zamu fungu la mama yule mpaka saa nne. Baada ya mwezi wataangalia. Mmoja wao ni yule mama aliyesimama kwenye mkutano.

Wale wanaosema ni mchezo wa feza, waje siku ya posho saa mbili na nusu waangalie wenyewe. Tunaomba pia vifuniko vya chupa, vile visivyopindika, tunahitaji ubao wa tatu.

Msichana amepewa zoezi la nyumbani: mfalme na malkia dhidi ya mfalme peke yake, kumaliza mchezo bila pat, mara ishirini. Anacheza na mdogo wake, usiku, masufuria yakishakwisha. Jana alituambia amefika mara ya kumi na moja.